Kahawa Iliyoegemea Ukuta wa Kornelio

Alhamisi ile Ezra Odongo alipoingia jikoni kwangu sikumkaribisha kiti. Nilimwambia asimame karibu na mashine ya kahawa atazame.

"Hata salamu hakuna, Mama Dorah?"

"Salamu utapata baadaye. Tazama chini ya mkono wa mashine."

Nikabonyeza. Pampu ikanguruma. Sekunde sita, saba, nane, ndipo matone ya kwanza yakachungulia. Yalipaswa kuchungulia kila mahali, yajikusanye katikati, yashuke kama uzi mmoja wa rangi ya asali. Badala yake upande wa kushoto ulilowa wote, wa kulia ukabaki mkavu, na mara mchirizi mwembamba kama sindano ukachomoka pembeni ukamrukia Ezra kwenye shati.

"Umenilenga," akasema.

"Ningekulenga ningetumia sufuria."

Akacheka. Ezra akicheka macho yake hufumba kabisa, na mimi, mjane wa miaka thelathini na tisa mwenye binti wa kidato cha pili, huwa nasahau nilichotaka kusema. Siku hiyo sikusahau. Nilikuwa nimeyatazama macho yale kabla hayajafumba. Yalikwenda kwenye kahawa, yakaenda ukutani, yakarudi kwangu haraka kama ya mtu aliyefumaniwa.

Mashine ile alinipa yeye. Mzungu mmoja wa mgodini alipoondoka aliuza vitu vyake, na Ezra, ambaye ni fundi wa pampu, akaichukua ikiwa imekufa, akaifufua, akaniletea Krismasi wakati wenzangu wanaletewa vitenge. Mkono wake, yaani kile kishikio kinachobeba kichujio cha kahawa, ulikuwa na kitako chenye midomo miwili. Ezra alikikata kile kitako, akalainisha kingo kwa msasa, ili kichujio kionekane chote ukikitazama kutoka chini.

"Mkono wenye kitako unaficha mambo," aliniambia siku ile. "Kahawa ikipita vibaya hujui. Huu hauna pa kuficha."

Nilimpenda kwa maneno hayo kuliko ambavyo kitenge kingenifanya nimpende. Ndiyo maana Alhamisi ile nilikuwa na hasira.

"Ni wewe," akasema sasa, akijipangusa shati. "Unashindilia ukiegemea upande mmoja."

"Mwezi wa kwanza wote sikuegemea, leo naegemea?"

"Basi unga una mabonge."

"Nimeyavunja kwa sindano."

"Basi ni buni yenyewe. Buni ya Nyarero mwaka huu..."

"Buni ya shamba la mama yangu usiiguse, Ezra. Mfuko wa spana unao begani. Ifungue mashine utazame."

Hakuugusa mfuko. Akachukua kikombe, akaonja, akakunja uso kwa ule uchungu uliochanganyika na ugwadu.

"Ya nini kuifungua? Iache tu. Tukihamia Tarime mjini nitakutafutia nyingine, nzuri zaidi. Kwanza mizigo yako umeanza kufunga? Nilikwambia tuhame kabla ya mvua za Machi."

Fundi gani anakataa kufungua mashine? Nimemwona Ezra akifungua redio ya watu msibani kwa sababu ilikuwa inakwaruza. Na haraka hii ya kuhama ilitoka wapi? Mwaka jana mwanaume huyuhuyu alisema tusubiri Dorah amalize kidato cha nne.

Nilikuwa karibu kumuuliza, ndipo mlangoni pakasikika kikohozi.

"Hodi, shemeji. Naona nyumba inanukia."

Alikuwa Kornelio Nyangwine, mdogo wa marehemu mume wangu Athanas. Nyumba yake na yangu zinapakana. Kati ya ukuta wa jiko langu na banda lake la ng'ombe kuna hatua kumi. Tangu Athanas afariki, miaka mitano sasa, Kornelio hakuwahi kupita mlango wangu bila kulalamika jambo. Kuku wangu. Maji yangu ya kufulia. Kibanda changu cha pale sokoni ninapopima mawe ya wachimbaji, kwamba mwanamke wa ukoo wao anashinda na wanaume. Lakini kwa wiki tatu sasa alikuwa amelainika kama mkate.

"Karibu, shemeji," nikasema.

"Sikai. Nimesikia sauti ya shemeji yangu mpya nikasema nimsalimu. Mura, kijana wangu, habari za Tarime?"

"Nzuri," Ezra akajibu. Hakumtazama.

"Ile pampu yangu ya bustani uliitengeneza vizuri sana. Inavuta kama ng'ombe mwenye kiu." Kornelio akanigeukia, akitabasamu hadi magego. "Shemeji, Jumamosi usiwe na wasiwasi. Wazee wake wakija kuposa, mimi ndiye nitakayesema. Mama anapiga kelele, lakini mwachie mimi. Mtahama siku gani?"

"Nani amekwambia nahama?"

Akamtazama Ezra. Ezra akatazama kikombe. Haikuchukua muda, lakini nilipokuwa maabara ya mgodi nilifundishwa kusoma sindano ya mizani kabla haijatulia, na sindano ile niliisoma. Wanaume hawa wawili walikuwa na mazungumzo ambayo mimi sikuwemo.

Nilimsindikiza Kornelio hadi uani, kwa heshima. Niliporudi Ezra alikuwa amesimama karibu na ukuta wa kushoto, mikono mfukoni. Akanishika bega, kidole gumba kikanigusa shingoni pale anapopajua.

"Bhoke," akasema, na Ezra huniita jina langu pale tu jambo linapokuwa zito. "Niamini tu. Hama."

"Niambie kwa nini."

"Kwa sababu nakupenda."

Hilo si jibu. Nilimwacha aende, na bega langu likabaki na joto lake mpaka jioni, likinisumbua.

* * *

Sasa niseme mambo ya ukoo wetu, maana bila hayo huwezi kuelewa kwa nini nilikosa amani.

Athanas alinitolea ng'ombe ishirini na wawili. Kwa Wakurya wa hapa Kemambo mume akifa ng'ombe hawafi. Mjane anabaki mke wa boma lile, na nyumba ni yake akiwa ndani yake. Akitoka kwenda kuolewa kwingine anaacha nyumba na anaacha kiwanja. Mama mkwe wangu alilisema wazi siku aliyosikia habari za Ezra, ambaye ni Mjaluo. Nilimwamkia shikamoo, akaimeza, akasema, "Mwanamke wa ng'ombe wetu haendi kwa watu wa samaki. Nikifa mtafanya mnavyotaka. Sijafa."

Mama yule sikumlaumu. Alikuwa anapinga waziwazi, na mtu anayekupinga waziwazi unajua amesimama wapi. Niliyemshangaa ni Kornelio. Yeye ndiye aliyepaswa kuchukua rungu. Badala yake alikuwa anampoza mama yake, anampigia Ezra simu, anasema nyakati zimebadilika, Mjaluo naye ni mtu. Na si hayo tu. Kornelio, ambaye hajawahi kuchangia hata kamba ya kisima, alianza kuziba mashimo ya barabara ya kijiji kwa mkokoteni wake mwenyewe. Mwenyekiti alimsifu mkutanoni. Mimi mwenyewe nilimpigia makofi.

Ijumaa asubuhi sikwenda sokoni. Nilifunga mlango, nikachukua daftari, nikasema leo mimi na mashine hii tutaambiana ukweli.

Chuoni walitufundisha, na miaka minane ya kupima mawe mgodini ikanikazia, kwamba ukitafuta kosa unabadilisha kitu kimoja tu, vingine vyote unaviacha vilevile. Nikapima kahawa gramu kumi na nane. Nikaikoroga kwa sindano ya kushonea niliyoichomeka kwenye kizibo, hadi pasiwe na bonge. Nikashindilia nikiwa nimesimama wima kama askari. Kahawa ikaenda kushoto.

Nikachora alama ya rangi ya kucha kwenye ukingo wa kichujio, upande wa kushoto. Nikajaza upya, nikashindilia, kisha nikakizungusha kichujio nusu duara ndani ya mkono kabla ya kuufunga. Kama kosa lilikuwa kwenye kichujio au kwenye ushindiliaji wangu, ulowevu ungeifuata alama kwenda kulia. Alama ilikwenda kulia, ikabaki kavu. Kahawa ikaenda kushoto.

Kwa hiyo si mimi. Niliandika hivyo, nikapigia mstari. Ezra alinisingizia.

Nikafungua sahani ya matundu ambapo maji hushukia, nikaisugua kwa brashi, nikairudisha. Kushoto. Ikabaki mashine yenyewe. Niliikumbatia, nzito kama mtoto wa miaka mitano, nikaigeuza mgongo uwe kwangu na uso utazame dirishani. Ilinibidi nizunguke meza kuona. Kama ugonjwa ulikuwa ndani ya mashine, ungegeuka nayo.

Mashine niliigeuza. Kahawa haikugeuka. Iliinamia ukuta uleule, ukuta wa upande wa Kornelio.

Nikapiga magoti nikatazama meza. Chini ya miguu miwili ya upande wa ukuta palikuwa na vipande vya mbao, viwili viwili, kimoja juu ya kingine, vimechongwa kwa mshazari na kulainishwa kwa msasa. Mimi sikuviweka. Katika watu wanaoingia jikoni kwangu kuna mmoja tu anayepiga msasa kitu kitakachokaa chini ya mguu wa meza.

Nikasimama, nikajipangusa magoti.

Kisha nikaenda chumbani nikavuta sanduku la Athanas. Alikuwa mwashi, nyumba hii aliijenga kwa mikono yake. Tangu tumzike sikuwa nimelifungua lile sanduku wala sikuruhusu mtu aliguse, hata Ezra alipoomba nyundo. Nikatoa pima maji yake, ile ya mbao yenye kipovu cha kijani. Nikailaza juu ya saruji katikati ya jiko. Kipovu kikakimbilia mlangoni. Kwa wasiojua, kipovu hukimbilia juu. Upande wa ukuta wa Kornelio sakafu yangu ilikuwa imezama, kuzidi hata vile vipande vya mbao.

Athanas hakuwahi kumwaga sakafu iliyopinda.

Ndipo nikaikumbuka kalenda. Mwishoni mwa Januari Ezra aliniletea kalenda yenye picha za maua, akaipigilia mwenyewe kwenye ukuta ule, chini sana, nikamtania kwamba ameipigilia kwa ajili ya kuku. Nikaiondoa. Nyuma yake ukuta ulikuwa umepasuka, ufa wa kupanda mshazari, upana wa ukucha. Na kuukata ule ufa palikuwa na vistari vya penseli, kila kimoja na tarehe yake. 31/1. 6/2. 11/2. 16/2. Cha mwisho kilikuwa 20/2, yaani jana. Jana, nilipomsindikiza Kornelio uani. Mwandiko ulikuwa wa Ezra, mbili zake zina mikia.

Alikuwa anaupima ufa wa nyumba yangu kwa siri, kama daktari anayemficha mgonjwa majibu. Wakati huohuo ananiambia ni mabonge.

Nilitoka nje nikiwa na kandambili, nikaenda hadi barabarani kwenye mashimo aliyoziba Kornelio. Nikachota udongo kiganjani. Udongo wa juu hapa kwetu ni mwekundu. Ule ulikuwa wa kijivu, una vipande vya mwamba mweupe vyenye makali, mwamba ambao haujaona jua. Mawe kama yale nimeyapima maisha yangu yote. Yanatoka chini, mita kumi na tano, ishirini. Mwaka huu dhahabu ilipopanda bei, kila mwenye sururu ameamka. Watu wanachimba vyooni, wanachimba nyuma ya makanisa. Wote wanaleta mawe yao kwangu nipime. Kornelio peke yake hakuwahi kuniletea hata kokoto.

Nikageuka nikatazama banda lake la ng'ombe, ambalo tangu Januari linaletewa miti ya kujengea na halikui. Miti inaingia ndani haitoki. Wachimbaji wanaiita matimba, miti ya kushikilia paa la shimo lisiporomoke. Na pampu ya bustani? Kornelio hana bustani. Hana hata mche wa sukuma wiki.

Yote yakakaa mahali pake isipokuwa moja. Pampu ya kutoa maji shimoni aliitengeneza Ezra, na alininyamazia kwa nini?

Nikampigia Ezra. "Njoo," nikasema, nikakata.

* * *

Alifika saa tisa alasiri kwa pikipiki, na vumbi kwenye nyusi. Nilikuwa nimeirudisha kalenda mahali pake. Nilimwekea kiti, nikamtengenezea kahawa bila neno. Aliiona mashine imegeuzwa. Aliona kahawa inakwenda wapi. Nilimkabidhi kikombe, na juu ya sahani, mahali pa kijiko, nilikuwa nimeweka vipande viwili vya mbao.

Hakunywa.

"Umetazama nyuma ya kalenda," akasema.

"Wewe ndiye unayeulizwa leo. Ile pampu ya Kornelio."

"Bhoke..."

"Mama Dorah. Bhoke utaniita ukimaliza kujibu. Pampu."

Akaweka kikombe mezani. Mikono yake ile, ambayo nimeilaza shavuni mara nyingi, ilikuwa haijui pa kukaa.

"Aliniita mwishoni mwa Januari. Akasema ni ya bustani. Nikaiunga mpira, akaniambia nirefushe. Nikarefusha. Akasema bado. Mpira ulishuka mita kumi na nane chini ya banda, nikadhani basi, kumbe ndipo ulipoanza kwenda kwa ubavu. Nikahesabu nao. Hatua kumi, kumi na mbili. Nikajua uko chini ya nini."

"Chini ya hapa nilipokaa."

"Chini ya hapa na chumba cha Dorah."

Dorah angerudi kutoka shule ya bweni mwishoni mwa Machi. Kitanda chake kimeegemea ukuta uleule.

"Ukamwambia nini Kornelio?"

"Nilimwambia nyumba itaanguka. Akasema itaanguka ikiwa tupu." Akameza mate. "Akasema, mura, wewe unamtaka mwanamke, mimi nautaka mwamba. Mama yangu hatakubali Mjaluo labda mimi niseme. Nitasema. Wewe mhamishe kabla ya mvua na ufunge mdomo. Kila mtu atakuwa na chake."

"Na wewe ukasema sawa."

"Sikusema sawa."

"Ulisema nini?"

Nje jogoo wangu aliwika kama mpuuzi.

"Sikusema kitu," Ezra akajibu.

"Ni hivyohivyo."

"Ningesemaje? Mimi ni Mjaluo kwenye boma la Wakurya, nikuambie shemeji yako anachimba chini yako? Wangesema nimekuja kuwagombanisha ndugu ili nikuchukue. Na wewe ungesema hivyohivyo, usikatae. Nikafikiri nikutoe kwanza. Ukiwa salama ndipo nikueleze. Kila nilipokuja nilipima ufa. Ungefika upana wa kidole ningekubeba hata kwa nguvu."

"Ungenibeba," nikasema. "Kama kabati. Ezra, mimi nimekuwa nikiamka saa kumi na moja alfajiri wiki tatu nikilaumu mkono wangu. Nimelaumu buni ya mama yangu. Ulinitazama nikivunja mabonge kwa sindano ukijua mabonge hayana kosa."

"Nilijua."

"Uliukata mkono kitako ukaniambia huu hauna pa kuficha. Kisha ukatundika kalenda."

Aliinamisha kichwa. Nilitaka kumgusa. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilimtazama ile sehemu ya nyuma ya shingo yake yenye vumbi la barabara na nilitaka kuipangusa kwa kitambaa cha maji ya moto. Lakini nilitaka zaidi kujua jambo moja, na sikuweza kulijua kwa kumgusa. Alikaa kimya kwa ajili yangu, au kwa sababu Kornelio alimwahidi mimi?

"Kesho wazee wako wanakuja," nikasema.

"Wanakuja. Baba mdogo Ouma ameshavuka mpaka wa Sirari, analala Tarime."

"Waje. Kornelio atakutetea vizuri, nakuahidi. Mama mkwe atalainika. Ukinyamaza, kesho jioni utakuwa umepewa mke. Ukisema uliyoniambia hapa, Kornelio atakuruka, mama mkwe atakurushia kigoda, na huenda usipate kitu."

"Na wewe? Nikinyamaza?"

"Nitawaambia mimi mwenyewe, wakishamaliza kukupa. Nyumba ni yangu, mdomo ninao. Ila wewe hutaniona tena."

"Kwa hiyo nikisema naweza kukukosa, nikinyamaza nitakukosa."

"Hesabu unaijua."

Akasimama. Akachukua vile vipande vya mbao kwenye sahani, akavigeuza mikononi, akapiga magoti na kuvirudisha chini ya mguu wa meza, pole pole, mpaka meza ikatulia. Akaondoka bila kuninyooshea mkono. Kahawa yake ilibaki.

* * *

Jumamosi sebule ilijaa. Upande mmoja mzee Ouma, kofia gotini, na wenzake wawili. Upande wa pili wazee wa ukoo wetu, na mama mkwe katikati yao, hajavua sweta ingawa kulikuwa na joto. Ezra alikaa karibu na mlango, shati lake limepigwa pasi, macho mekundu. Sikuweza kumsoma, na nilijilaumu kwa kujaribu.

Kornelio alisimama akasema. Alisema vizuri kuliko nilivyotarajia. Alimtaja kaka yake Athanas kwa upole, alisema mjane si mfungwa, alisema mpaka wa Kenya ni mstari tu wa ramani na sisi wote tunakula ugali mmoja. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Hata mama mkwe akaanza kuvuta pumzi kama mtu anayetua mzigo.

"Basi mama," Kornelio akamalizia, "toa neno, mtoto aende kwa amani. Nyumba tutamtunzia."

Mama mkwe akafungua mdomo.

"Mama, samahani," Ezra akasema.

Sauti yake ilikuwa ndogo. Akasimama, akapita katikati ya magoti ya wazee, akaingia jikoni. Tukasikia msumari ukitoka ukutani. Akarudi na kalenda mkononi, akaiweka mezani mbele ya mama mkwe, kifudifudi, maua yake chini.

"Naomba mama uje uone ilichokuwa inafunika. Mimi ndiye niliyefunika."

"Mura, kaa chini," Kornelio akasema. "Sasa si wakati."

"Sikai. Shimo lako limefika chini ya kitanda cha Dorah. Pampu niliifunga mimi. Nilinyamaza wiki tatu kwa sababu uliniahidi maneno haya uliyoyasema sasa hivi. Yalikuwa maneno mazuri. Siyataki."

Mzee Ouma aliguna kwa Kijaluo, kitu kama mtu aliyekanyaga mwiba. Kornelio akacheka, akatazama huku na huku akitafuta wa kucheka naye, akasema Wajaluo kwa kutunga hadithi, jamani. Hakuna aliyemfuata. Mama mkwe alikuwa ameshainuka. Alikwenda jikoni kwa miguu yake mibovu, akakaa huko muda mrefu, na tuliposikia kiganja chake kikipita juu ya ukuta, kikisimama, kikipita tena, Kornelio akachukua kofia yake.

"Usitoke," mama yake akasema kutoka kule jikoni.

Akatoka. Wazee wawili wa ukoo wakanyanyuka wakamfuata kuelekea bandani, hawakukimbia, lakini hawakuchelewa.

Mama mkwe alirudi akasimama mbele ya Ezra. Anamfikia kifuani tu.

"Nyumba hii Athanas aliijenga mimi nikimchotea maji," akasema. "Ulijua tangu lini?"

"Tarehe thelathini na moja Januari, mama."

"Leo ni ngapi?"

"Ishirini na mbili Februari."

"Umechelewa."

"Nimechelewa, mama."

Akamtazama tena, juu hadi chini, kama anavyomtazama ng'ombe ambaye hajaamua kumkataa. "Wazee wako wale chakula kwanza," akasema, "maana wametoka mbali. Neno sitatoa leo." Akarudi kukaa. Nikaona anavua sweta.

Ezra alibaki katikati ya sebule, hajapewa, hajafukuzwa. Akanigeukia. Hakuniuliza kitu, na vizuri hakuuliza, kwa sababu nisingesema ndiyo. Bado ningeamka usiku nikihesabu zile tarehe.

Nilikwenda chumbani nikarudi na pima maji ya Athanas. Mama mkwe aliitambua. Nikamwekea Ezra mkononi. Akaishika kwa mikono miwili, kama kitu kinachoweza kumwagika.

"Anza na chumba cha Dorah," nikamwambia. "Mimi naandika. Na safari hii usome kwa sauti."